Pua ya Mzee Muturi

"Mama! Maziwa! Hiyo maziwa inaungua!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta wa mbao, na ngumi ikafuata kugonga. Inspekta Agneta Nasimiyu aliinua uso kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akipengea kamasi, akageukia jiko. Moshi ulikuwa umeshajaa chumbani. Alikuwa amesimama karibu na sufuria kiasi cha kuishika kwa mkono, na hakuwa amesikia harufu yoyote. Aliipua, akaimwagia maji, kisha zikamjia chafya za mfululizo mpaka akashika meza asianguke.

"Asante!" aliuambia ukuta.

Ukuta haukujibu. Tangu alipohamishiwa Kitale alikuwa amepanga katika ploti ile ya Kibomet, na jirani wa upande wa pili alimjua kwa sauti tu na kwa redio yake ya asubuhi. Jina lake hakulijua. Watu wa ploti walimkwepa. Polisi huwa haombwi chumvi hata kama anayo, na polisi mwenyewe alikuwa mtu wa kupenga kamasi mwaka mzima, macho mekundu, suruali zikimlegea kiunoni. Miaka hiyo kila aliyekonda alikuwa ameshapimwa na majirani na majibu yake kutangazwa. Mwanzoni Agneta alikuwa akijieleza. Sasa alikuwa ameacha. Mumewe alikuwa Mombasa kwenye nyumba nyingine na mke mwingine, na jioni zote za Kibomet zilifanana.

Asubuhi hiyo aliondoka bila chai. Kesho yake Phelista angepelekwa kortini kwa shtaka la kumuua Mzee Muturi, na aliyemkamata Phelista ni yeye.

Mzee Hiram Muturi alikuwa mkulima wa mahindi, amefiwa na mkewe siku nyingi, nyumba yake ikiwa hapohapo Kibomet upande wa chini. Jumapili wazee wa kanisa walipoona kiti chake kitupu walikwenda kumwangalia. Walibisha, hawakujibiwa, wakavunja mlango wa chumba chake ambao ulikuwa na komeo kwa ndani. Walimkuta kitandani, amekwisha kufa. Hakuwa na jeraha. Daktari wa mochari alisema inaelekea ni sumu, lakini sumu gani, hilo lilikuwa la wakemia wa Nairobi, na Nairobi haina haraka na mtu wa Kitale. Phelista, aliyempikia mzee kwa miaka mingi, alionekana akiondoka Ijumaa asubuhi na mizigo yake, analia. Mwenye duka la agroveti naye alikumbuka vizuri: Alhamisi alimuuzia Phelista dawa ya mahindi, ile ya vidonge, yenye picha ya fuvu.

Kwa mkuu wa kituo kesi ilikuwa imeiva. Mpishi alinunua sumu, akapika, akakimbilia kwao Tongaren. Komeo la ndani halikumsumbua, kwa kuwa sumu ya chakula haihitaji mlango.

Agneta alisumbuliwa na kitu kidogo. Kwenye meza ya marehemu kulikuwa na chupa ya matone ya pua na bahasha ya khaki yenye vidonge vya manjano, na muhuri wa bahasha ulikuwa wa kliniki moja ya Bungoma. Kitale ina zahanati kila kona. Mzee wa umri ule alifuata nini Bungoma? Na kama kuna mkono uliogusa dawa zile, ulikuwa wa nani?

Sajini Zachary, mtu wa maneno machache aliyekuwa akingoja kustaafu, alimpitia na Landrova.

"Umelia, Madam?"

"Ni pua."

"Bibi yangu anasema unywe tangawizi."

"Mwambie bibi yako nimekunywa tangawizi mpaka ningeweza kufungua duka."

Ulikuwa msimu wa kupukuchua. Kuanzia Kiminini kila boma lilikuwa na mashine inanguruma na wingu la makapi juu yake. Agneta alipandisha kioo cha gari, akafunika pua kwa kitambaa, na bado alifika Bungoma macho yakimtiririka kama mtu anayetoka kuzika.

Kliniki ilikuwa nyuma ya soko. Daktari Chepkemoi, mama mnene wa miwani kutoka upande wa Mlima Elgon, aliitazama kadi ya polisi kidogo tu. Uso wa Agneta aliutazama zaidi.

"Kabla hujaniuliza, kaa hapa kwa mwangaza. Hiyo pua iko hivyo tangu lini?"

"Daktari, nimekuja kikazi."

"Na mimi niko kazini. Tangu lini?"

"Tangu nihamie Kitale. Ni homa isiyotaka kuisha."

"Homa ya mafua inakuja, inakusumbua kama wiki, inaenda zake. Hii yako inawasha? Macho je? Asubuhi ukikunja blanketi unapiga chafya mpaka unachoka, na kamasi ni maji matupu?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo si homa. Na si ule ugonjwa unaofanya watu wakuangalie kwa jicho la pembeni." Alimmulika tundu moja la pua, kisha la pili. "Ni aleji. Vumbi la mahindi linaingia, mwili wako unadhani ni jambazi, unaita polisi wote wa wilaya. Hakuna jambazi. Ni fujo tu ya polisi."

Agneta alicheka, akashtuka kujisikia akicheka.

"Na Mzee Muturi?"

"Ni hiyohiyo, lakini yeye aliiachilia. Alikuwa anajinunulia matone ya kuzibua pua, anatia kila siku, mwaka hadi mwaka. Matone hayo ni ya siku chache tu. Ukiyazoea, pua inaziba kuliko mwanzo. Alipofika kwangu vinyama vilikuwa vimeota mle ndani. Nilimpa dawa ya kupuliza, ile inayotaka uvumilivu, unapuliza kila siku hata kama unajisikia mzima. Nikamfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa. Nikamwambia aanike blanketi juani. Na kwa kuwa jirani yake ana mashine ya kupukuchua, msimu huu afunge madirisha, aweke kitambaa chini ya mlango."

Kalamu ya Agneta ilisimama. Kitambaa kilichokutwa chini ya mlango wa marehemu, kipande cha shuka, kilikuwa kituoni, ndani ya mfuko wa vielelezo, na mkuu wa kituo alikuwa ameshajenga hadithi nzima juu yake: muuaji alikitia pale ili harufu ya maiti isitoke haraka.

"Wewe ndiye ulimwambia aweke kitambaa?"

"Ni mimi. Kwani ni kosa?"

"Na vidonge vya manjano?"

"Vya kutuliza chafya. Vinaleta usingizi mzito, kwa hivyo nilimwambia anywe akienda kulala. Vile nilivyompa haviui."

"Kwa nini alikuja mpaka huku?"

Chepkemoi alivua miwani. "Aibu. Kitale wanamjua. Mzee wa kanisa mzima, ataanzaje kusema mbele ya watu kwamba hajui kama koti lake linanuka? Huyo mzee hakuwa anasikia harufu, Inspekta. Hata kidogo. Sasa funga macho."

Agneta alifumba. Alisikia kizibo kikifunguliwa, kisha ubaridi kidogo mbele ya mdomo.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Fungua." Ilikuwa chupa ya spiriti. "Yako inaweza kurudi ukiitunza. Unaishi na nani?"

Agneta alirudisha kizibo kwenye chupa ya spiriti.

"Mzee Muturi pia nilimuuliza hivyo. Mtu asiyenusa hapaswi kukaa peke yake, moto na chakula kilichooza havimpi habari. Akasema ana Phelista. Nikamwambia, basi huyo Phelista ni dawa kuliko hizi zangu."

Walianza safari ya kurudi Kitale. Dawa ya kupuliza ilikuwa kwenye mfuko wa koti la Agneta, na mawazo yake yalikuwa kwenye sufuria ya maziwa. Walipovuka daraja la Kamukuywa alimwambia Zachary aweke gari kando.

"Sajini, Jumapili tulipoingia kwa mzee, ulisema nini?"

"Nilisema kunanuka."

"Nikasema nini?"

"Ukasema marehemu ananuka, nifungue madirisha."

"Ilikuwa harufu ya marehemu?"

Zachary alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Ya marehemu ilikuwa. Lakini kulikuwa na ingine juu yake. Kama samaki imeoza, ama kitunguu saumu mingi sana. Kichwa iliniuma mpaka usiku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Madam. Wewe ndiye mkubwa."

Aibu ilimpanda Agneta mpaka masikioni. Alikuwa ndani ya chumba kile akiandika, akijiona ana macho makali, na jambo kubwa kuliko yote lililokuwamo lilipita puani mwake bila kumgusa. Kwa ajili hiyo kuna mtu alikuwa analala kwenye sakafu ya seli.

Phelista aliletwa ofisini bila viatu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Dawa ya mahindi ulinunua ya nini?"

"Mzee arinituma. Wezi walivunja stoo yake, tukaingiza magunia kwa chumba yake ya kulala. Wadudu wakaanza."

"Uliiweka wewe?"

"Hapana, Madam. Tulipanga Ijumaa niiweke, halafu yeye ahamie kwa dada yake huko Kiminini mpaka harufu iishe. Miaka yote tunaiweka kwa stoo ya nje, na mimi ndiye naenda kunusa kama imeisha. Rakini Ijumaa asubuhi ndiyo Mwihaki alipiga simu."

Mwihaki alikuwa binti wa pekee wa Mzee Muturi, karani wa Nakuru, na ndiye aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba Phelista ni muuaji.

"Akasema nini?"

"Nifunge mizigo. Ati namtaka baba yake. Ati nimekalia shamba." Phelista alitazama mikono yake. "Mzee akanyamaza tu. Arikuwa anaogopa msichana wake akasirike aache kupiga simu. Madam, mimi sikuwa namtaka mzee. Nirikuwa pua yake."

"Pua yake?"

"Maziwa imeharibika? Phelista, kuja unuse. Nyama ni ya jana? Phelista. Akienda kanisa ananiuliza kama shati inanuka jasho, na anaona haya, anauliza akiangalia ukuta." Sasa machozi yalimshuka na hakuyafuta. "Ile dawa iko na harufu mbaya, hata mtoto anakimbia. Nani arimnusia?"

Agneta alifunga faili. "Shuka aliyokuwa akitumia mzee ni ya rangi gani?"

"Kwani ni ya nini?"

"Nijibu tu."

"Ya mistari ya buluu. Nirifua Ijumaa asubuhi, nikaiacha kwa kamba."

Kitambaa cha chini ya mlango kilikuwa cha mistari ya buluu.

Saa ile ile Agneta na Zachary walichukua mfuko wa vielelezo, wakarudi kwenye nyumba ya marehemu. Madirisha yalikuwa wazi tangu Jumapili na upepo ulikuwa unapita. Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani, kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni, yamefunikwa turubai. Jumapili Agneta aliyaegemea akiandika. Nani Kitale halali na mahindi yake baada ya mavuno? Hakuyaona kwa sababu ni kitu cha kila nyumba.

"Ninusie, Sajini."

Zachary aliinua ncha ya turubai, akarudi nyuma hima. "Iko. Kidogo, lakini ni hiyo."

"Toka nje upumue."

Agneta alisubiri upepo upite, akafunga kitambaa usoni, akaingiza mkono wenye glavu kati ya gunia na gunia. Akatoa kifundo cha nguo, na ndani yake unga wa kijivu, mabaki ya vidonge. Kingine kilikuwa kando ya gunia la pili, na kingine karibu kabisa na mto. Vifundo vyote vilikuwa vya mistari ya buluu. Mabaki ya shuka yenyewe aliyakuta kwenye droo ya kitanda pamoja na makasi. Alitoa kitambaa cha mlangoni kwenye mfuko wa vielelezo, akakipachika kwenye mkato. Kiliingia sawasawa, uzi kwa uzi.

Lilibaki swali moja, nani aliikata shuka, na jibu lake lilikuwa kwa mwenye mashine, ng'ambo ya ua.

"Shuka ya buluu? Niliona," mwenye mashine alisema, nywele zake nyeupe kwa makapi. "Ijumaa jioni mzee mwenyewe ndiye alianua. Nikamtania, nikamwambia, Mzee, leo ni wewe unafanya kazi ya wamama? Akacheka. Akasema amebaki peke yake, atafanyaje."

"Shuka ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa, si aliikunja nikiona."

Ijumaa jioni Phelista alikuwa ameshafika Tongaren. Kwa hiyo makasi yalishikwa na mzee, na dawa iliwekwa na mzee. Pengine aliona haya kwenda kwa dada yake akaeleze kwa nini nyumba yake haina mtu. Pengine aliogopa wezi. Alifunga madirisha kama daktari alivyomwambia, akatia kitambaa chini ya mlango, akafunga komeo. Alikunywa kidonge chake cha manjano, akalala, huku gesi ya vidonge vya mahindi ikijaa chumbani. Kitu kile kilichomuua kilikuwa kinanuka vya kutosha kumwamsha mtaa mzima.

Mwihaki alikuwa sebuleni, amezungukwa na viti vya kukodi vya matanga ambavyo bado havijakaliwa. Agneta alimweleza yote, polepole, akiwa amesimama.

"Haiwezekani," Mwihaki alisema. "Hiyo dawa inanuka. Hata kama ni mimi nimelala, ningeamka. Angesikia!"

"Baba yako hakuwa anasikia harufu. Ni miaka sasa."

"Hajawahi kuniambia."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Tulikuwa tunaongea kwa simu. Kila Jumapili." Aliitazama simu mkononi mwake. "Sauti yake ilikuwa ya mtu ana homa. Kila siku ana homa. Nilikuwa namwambia, Baba, kunywa tangawizi. Anasema, sawa, mama yangu, nitakunywa."

Nje mashine ilizimwa.

"Na huyo Phelista alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

Mwihaki alikaa kwenye kiti cha kukodi kilichokuwa karibu. Agneta alivijua vifungu vya sheria ya jinai kwa kichwa, na hakuna hata kimoja kilichozungumzia simu ya Ijumaa asubuhi. Alitamani kiwepo, maana mtu akishtakiwa walau hupewa nafasi ya kujitetea.

"Mwambieni..." Mwihaki alianza, akashindwa kumaliza.

Phelista alifunguliwa jua likielekea kuzama. Alirudishiwa viatu na kitenge chake. Hakuuliza nani alimponza wala hakuomba fidia. Aliuliza kama atakubaliwa kwenda kuzika.

"Sijui," Agneta alimjibu. "Nenda tu. Sema nimekutuma mimi."

Njiani kurudi nyumbani alinunua pakiti ya maziwa kwenye kioski. Alipofika aliyamimina kwenye sufuria nyingine, na kwa mazoea ya utotoni akainamisha uso kuyanusa. Hakupata kitu. Kisha akatoka na sufuria mkononi, akazunguka ukuta, akabisha mlango wa jirani.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mfupi, mtoto mgongoni. Alipoona ni nani alirudi hatua. "Kuna nini, Afande?"

"Hakuna neno. Mimi ni Agneta, wa hapa kando. Nina aleji ya pua, haiambukizi. Sisikii harufu ya kitu chochote." Uso ulikuwa unamwaka. "Naomba uninusie haya maziwa."

Mwanamke alimtazama, kisha akaitazama sufuria, akainama.

"Imeharibika hii. Ungekunywa?"

"Ningekunywa."

"Wah! Ingia basi, chai iko." Alisogea kando kumpisha. "Mimi ni Nabwile. Na unajua, tangu uhamie hapa mimi nagonga huo ukuta. Ugali ikiungua nagonga, maziwa nagonga, siku ile ya pasi nikagonga mpaka mkono ikauma. Unasema asante, halafu unanyamaza. Nikajua wewe ni mtu hataki watu."

Agneta alivua viatu mlangoni, akaingia.